Kucha za Fundi Chupa

Mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi katika maabara ile angekwambia kwamba Fundi Chupa alikuwa mwangalifu kupita kiasi. Kabla ya kuingia chumba cha kupandikizia alinawa mikono mpaka viwikoni kama daktari anayekwenda kumpasua mtu, akavaa koti jeupe, akafunga barakoa, akajipulizia spiriti viganjani, kisha akausukuma mlango kwa mgongo asije akagusa kitasa. Kioo cha mlango ule alikifuta mwenyewe kila asubuhi, ingawa haikuwa kazi yake.

Kazi yake ilikuwa kuzalisha alovera. Mmea huu ukiuacha bustanini huzaa watoto wachache pembeni mwa shina, tena kwa wakati unaoutaka wenyewe. Maabarani haupewi nafasi ya kuringa. Fundi Chupa alichukua chipukizi, akalivua majani ya nje mpaka kikabaki kitu kidogo kama punje ya kitunguu saumu, akakiosha kwa dawa ya kung'arishia nguo, kisha akakisimika ndani ya chupa yenye chakula kilichogandishwa kama jeli: sukari, chumvichumvi, vitamini, na tone la homoni ya kuushawishi mmea uzae. Baada ya majuma machache kile kipunje kilikuwa kimezungukwa na vijitoto. Akavitenganisha kwa kisu, kila kimoja na chupa yake, navyo vikazaa. Chumba cha kukuzia kilijaa chupa kutoka sakafuni mpaka darini, taa nyeupe zikiziwakia kama duka la dawa, na zote humo zilikuwa ukoo wa mama mmoja.

Tatizo la chakula kile ni kwamba kilikuwa kitamu kwa alovera, na kitamu zaidi kwa ukungu na vijidudu. Kimoja tu kikiponyoka kikaingia, jeli inafanya mawingu kama maziwa yaliyochacha, mmea unaoza, na chupa inatupwa.

Sasa Fundi Chupa alikuwa na tabia moja ambayo mwenyewe hakuijua. Alikula kucha. Hakula kwa kupenda. Mikono ilijipeleka yenyewe kila alipowaza, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kuwaza sana, kucha zake hazikupata nafasi ya kuota. Mkewe alikuwa amemwambia mwanzoni mwa ndoa, akachoka, akaacha. Ukimwambia leo kwamba anakula kucha angekutazama kwa mshangao wa kweli, kidole kikiwa mdomoni.

Mambo yalianza kubadilika alipokuja mama mkwe.

Mama mkwe alikuja kutibiwa macho. Matibabu yalikuwa ya kwenda na kurudi, basi akafikia kwa binti yake, akapewa chumba cha uani, na kila jioni akawa anakaa mezani mkabala na mkwewe. Siku za kwanza hakuona kitu ila ukungu wenye koti. Lakini kadiri macho yalivyopata nafuu, ndivyo alivyozidi kuona asichotaka kuona. Alimwona mkwewe akinyanyua kikombe cha chai kwa mkono wa kulia huku akitafuna kidole gumba cha kushoto. Alimwona akihamia cha shahada. Alimwona akisimama kidogo, akatema kipande pembeni kwa adabu, akaendelea.

"Mume wako hashibi?" alimwuliza binti yake jikoni.

"Anashiba, mama. Ndivyo alivyo."

"Basi mwambie."

"Nilishasema mpaka mate yakanikauka. Mwambie wewe."

Mama mkwe alimtazama binti yake kana kwamba ameambiwa apande juu ya meza acheze. Mkwe ni mtu wa heshima. Huwezi kumwambia mkwe wako atoe vidole mdomoni kama unavyomwambia mtoto wa chekechea. Akameza neno lake na jioni ile akahamishia kiti chake pembeni, awe anatazama ukuta.

Huko maabarani nako hali haikuwa nzuri. Chupa zilikuwa zinachacha. Mwanzo chache, halafu rafu nzima, halafu ikawa kila ukiingia asubuhi unapokewa na mawingu. Tena ziliharibika wakati mbaya. Mwanamke mmoja mwenye kiwanda cha marhamu alikuwa anataka miche mingi kwa mpigo, yote ya mama mmoja, ili mafuta yake yasibadilike tabia kila msimu. Alikuwa bado hajakata shauri, na mkuu wa maabara alikuwa amekaa roho juu.

Mkuu huyo aliitwa Daktari na kila mtu. Udaktari wake ulikuwa wa mimea, lakini walinzi na majirani hawakuelewa hivyo. Hakupitisha wiki bila kusimamishwa getini na mtu mwenye kiuno kinachouma.

"Nataka kujua uchafu unaingilia wapi," alisema Daktari. Alichukua jeli iliyochacha, akaipeleka kwa mwenzake wa hospitali aliyekuwa na vyombo vya kuvitambua vijidudu, akaambiwa asubiri.

Fundi Chupa hakuweza kusubiri. Alivikagua vichujio vya hewa. Alibadilisha taa ya spiriti. Mwishowe, baada ya kuwaza sana na kutafuna sana, macho yake yakatua kwa Mpishi.

Mpishi ndiye aliyepika kile chakula cha jeli. Alikuwa mama mnene mwenye furaha isiyo na sababu, mwenye kupima sukari na homoni kwa mizani ndogo, kuchemsha, kumimina chupani na kuingiza chupa kwenye sufuria kubwa ya mvuke. Na alipokuwa akifanya kazi aliimba. Hakuimba maneno, aliguna tu wimbo puani, mfululizo, kama jokofu.

"Ni pumzi yake," Fundi Chupa alimwambia Daktari. "Mtu akiimba anatoa mate madogomadogo. Yanaruka. Yanatua kwenye chakula."

"Lakini chakula kinachemshwa baada ya kuimbiwa."

"Akija kuniletea chupa anaimba pia."

Daktari hakushawishika, ila hakuwa na lingine la kujaribu. Mpishi akaamriwa asiingie tena chumba cha kupandikizia. Chupa atakuwa anaziacha mlangoni. Alipoambiwa sababu, aliacha kuguna kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe.

"Mimi ndiye ninayeozesha?" alimwuliza Fundi Chupa.

"Sijasema wewe. Nimesema pumzi yako."

"Pumzi yangu ni ya nani, ya jirani?"

Wiki hiyohiyo kidole cha kati cha Fundi Chupa kikavimba. Pembeni ya ukucha, pale alipopatafuna mpaka nyama, palikuwa pekundu na pakipwita usiku kucha. Asubuhi mama mkwe alikiona, na moyoni akafurahi, Mungu amsamehe. Kumkanya mkwe hakuweza. Kumtibu mkwe, nani angemkataza?

"Baba," alimwambia kwa sauti ya upole, "hicho kidole kinataka shubiri."

"Alovera? Ninayo, mama. Ninaizalisha."

"Basi niletee jani. Na ulete nene."

Akamletea jani kutoka kwenye kitalu cha maabara, la mmea uliozaliwa chupani na kukulia humo kitaluni. Ili uelewe vizuri alichokifanya mama mkwe, ujue kwamba jani la alovera lina vitu viwili. Katikati kuna ute mweupe, wa baridi, unaopakwa kwenye ngozi iliyoungua au kuvimba, na hauna ubaya. Lakini chini tu ya ganda kuna utomvu wa njano, na huo ndio wenye sifa ya uchungu. Mtu anayetaka ute hulisimamisha jani lililokatwa mpaka utomvu uchuruzike, akaumwaga. Mama mkwe alilisimamisha jani ndani ya kikombe, akasubiri, lakini utomvu hakuumwaga. Aliubakiza kikombeni.

Ute kidogo alimpaka pale penye uvimbe, kwa haki. Halafu akachovya pamba kwenye ule utomvu wa njano na kumpaka kucha zote, za mkono huu na za mkono ule, juu na chini.

"Mbona na vidole vizima, mama?"

"Ugonjwa wa kidole unaruka," alisema mama mkwe, bila kupepesa macho yake mapya. "Kila siku, asubuhi na jioni. Na usinawe kwa nguvu."

Siku ile maabarani Fundi Chupa aliketi mbele ya kabati la hewa safi, akashusha barakoa chini ya kidevu kama kawaida yake, maana miwani ilikuwa inamfanyia ukungu. Alipitisha kisu kwenye moto, akangoja kipoe. Hapo ndipo mkono wa kushoto ulipozoea kupanda. Ukapanda. Fundi Chupa akakunja uso mpaka miwani ikacheza. Alidhani ni kifungua kinywa kimemrudi. Akaendelea na kazi. Chupa ya pili, mkono ukapanda tena, uchungu ukamkaa kwenye mzizi wa ulimi. Kufika mchana mikono ilikuwa imetulia mapajani kama watoto waliochapwa, na yeye hakuwa amejua kwamba kuna vita vimepiganwa.

Chupa za wiki ile hazikuchacha. Wala za wiki iliyofuata. Jeli ilikuwa safi, ungeweza kusomea gazeti ng'ambo yake.

Fundi Chupa alitembea kifua mbele. Nyumbani alisimulia mezani jinsi alivyomgundua mchafuzi kwa akili tupu, bila hata kungoja majibu ya hospitali.

"Mtu anaimba," alimweleza mama mkwe, "na alovera inaoza. Nani angewaza?"

"Wewe umewaza, baba," alisema mama mkwe, akitazama mikono yake iliyotulia juu ya meza, akaridhika. Habari za chupa hakuzielewa wala hakuzitaka. Alikuwa anakunywa chai yake akiwa ametazama mbele, na hilo lilimtosha.

Kidole kilipona. Mama mkwe akaenda kwa mwanawe mwingine kupumzika kidogo kabla ya kurudi kliniki, na kikombe cha njano kikaoshwa. Kucha za Fundi Chupa, ambazo kwa mara ya kwanza zilikuwa zimechomoza nje ya nyama, hazikumaliza siku mbili.

Kisha chupa zikaanza kuchacha upya.

Safari hii hakukuwa na pa kusingizia. Mpishi hakuwa amekanyaga chumba kile. Chupa alikuwa akiziacha mlangoni kama mtu anayeacha maziwa, anageuka na kuondoka kimya. Na siku hiyohiyo majibu ya hospitali yakaja. Daktari aliwaita wote wawili ofisini.

"Hawa wadudu hawatoki hewani," alisema, "wala kwenye sukari. Ni wa kinywani. Ni wale wanaokaa katikati ya meno ya mtu."

Mpishi akamgeukia Fundi Chupa polepole. "Kinywa changu kiko nje ya mlango tangu mwezi uliopita," alisema.

"Basi kuna mtu anaingia nikitoka," alisema Fundi Chupa. "Anakula humo. Nitamkamata. Nitakaa humo ndani kutwa nzima." Na aliposema hivyo, akiwaza jinsi ya kumkamata, akapeleka kidole gumba mdomoni.

Mpishi alikiona kile kidole. Daktari naye alikiona. Wakatazamana, halafu wakatazama tena kile kidole, kilichokuwa kikizungushwa taratibu ili kupatikane pembe nzuri.

"Fundi," alisema Daktari, "nenda ukapandikize chupa chache. Sisi tunakuja."

Akaenda. Wao wakasimama nyuma ya kile kioo alichokuwa akikifuta kila asubuhi, safi kabisa, na wakaona kila kitu: barakoa ikishuka, kisu kikipita motoni, kidole kikipanda, kikitafunwa, kikishuka moja kwa moja kushika mche. Chupa ya kwanza. Ya pili. Alikuwa anafanya kazi huku akigeuza shingo kila mara kuangalia mlangoni, akimvizia mchafuzi.

Mpishi alijiziba mdomo mpaka machozi yakamtoka. Daktari hakucheka, aliingia, akamshika Fundi Chupa mkono ungali njiani kupanda, akamgeuzia viganja.

"Kucha zako ziko wapi?" aliuliza.

Fundi Chupa alivitazama vidole vyake kama anayeonyeshwa vidole vya mtu mwingine. Alitaka kusema amezikata. Kisha akahisi kitu juu ya ulimi, akakitoa, akakiangalia: kipande cha ukucha.

Jioni alimsimulia mkewe, akitarajia atapinga. Mkewe alikaa chini akacheka mpaka akashika mbavu, halafu akamweleza habari ya kikombe cha njano. Fundi Chupa alisikiliza mpaka mwisho. Kilichomuuma zaidi ni Mpishi. Kesho yake alimfuata kwenye sufuria yake ya mvuke.

"Nilikukosea," alisema. "Pumzi yako haina neno."

"Najua haina neno," alisema Mpishi. "Nimekuwa nayo miaka mingi." Hakumrahisishia. Lakini alipomaliza kufunga mfuniko alianza kuguna kidogokidogo, na Fundi Chupa akashukuru.

Sasa ikaja siku ya mwenye kiwanda. Alikuwa ametangaza kwamba anakuja kuona kwa macho yake, na wasiwasi wake aliueleza mapema kwenye simu. Miche ya chupani aliiona kama watoto waliolelewa kwa sukari: minene, mizuri, lakini ndani mna nini? Kiwanda chake kilitumia ute kwa marhamu, na utomvu wa njano aliukausha akawauzia wanaotengeneza dawa za tumbo lililofunga. "Nataka dawa," alisema. "Sitaki picha ya dawa."

Fundi Chupa ndiye aliyetakiwa kuonyesha kazi mbele yake, na hakuna siku aliyowahi kuwa na mawazo kama hiyo. Kwa hiyo alijiandaa. Alikata jani kubwa la kitaluni, akakinga utomvu, akajipaka kucha zote, akasubiri zikauke, akajipaka tena, na tena. Alipotoka nyumbani vidole vilikuwa vya rangi ya tumbaku.

Kosa lake ni kwamba alitegemea uchungu peke yake. Hofu ikizidi, ulimi unazoea. Alipolamba kwanza alitetemeka. Alipolamba mara ya pili alivumilia. Kufikia getini, bila kujijua, alikuwa ameisafisha mikono yote miwili.

Mwenye kiwanda alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, wa maneno machache. Alisimama nyuma ya kioo na Daktari. Ndani, Fundi Chupa alitenganisha mche wa kwanza kwa mkono usiotikisika. Wa pili vilevile. Akiwa ameshika wa tatu alisimama, akatazama juu. Kitu fulani kilikuwa kimejipindua tumboni mwake, chini kabisa, kwa mguno mzito. Akashusha pumzi, akaendelea. Kikajipindua tena. Akaweka kisu mezani kwa utaratibu, akazima taa ya spiriti, maana hata hapo alikuwa mwangalifu, kisha akafungua mlango kwa mkono, kitu ambacho hakuwahi kufanya maishani mwake, akampita mwenye kiwanda kwa mwendo ambao haukuwa kutembea na haukuwa kukimbia, akapotelea mwisho wa ukumbi.

Ilisikika kufuli ya choo.

"Huyu vipi?" aliuliza mwenye kiwanda.

Mpishi, aliyekuwa pembeni na trei yake ya chupa, na aliyekwisha ambiwa habari ya dawa ile na kumwona getini akilamba vidole, akaona hakuna cha kuficha.

"Amelamba utomvu wa njano, mama. Anaupaka kwenye kucha asizile, leo amezila nao."

"Utomvu wa alovera ipi?"

"Hizi hizi zetu. Za chupani."

Mwenye kiwanda alitazama mwisho wa ukumbi, akatazama saa yake ya mkononi, akatazama tena mwisho wa ukumbi. "Alilamba kiasi gani?"

"Wa kucha tu," alisema Mpishi.

"Wa kucha tu," alirudia mwenye kiwanda, na kwa mara ya kwanza uso ukamlegea. "Basi dawa imo."

Mpishi alinawa, akafunga barakoa vizuri, akaingia kumalizia onyesho lililoachwa. Aliguna wimbo mwanzo hadi mwisho, na mwenye kiwanda akatikisa kichwa kwa kuufuata.

Daktari alimfuata Fundi Chupa, akasimama nje ya mlango wa choo.

"Umepata nafuu?"

"Bado kidogo," ilisema sauti.

"Amekubali. Anachukua miche yote."

"Kwa sababu ya onyesho?"

"Tuseme hivyo. Ukitoka anataka kukushika mkono."

"Mkono gani?"

"Nimemshauri akupungie tu."

Baada ya hapo Daktari aliwabadilisha kazi. Mpishi alipewa kisu na kabati la hewa safi, akafundishwa na Fundi Chupa mwenyewe, na chupa zikatulia. Fundi Chupa alipelekwa kitaluni, kule miche inapotolewa chupani, kuoshwa jeli na kufundishwa kuishi na udongo, jua na upepo. Alikwenda kwa shingo upande. Lakini mikono yake kutwa ilikuwa kwenye mchanga na mbolea, haipelekeki mdomoni hata kwa bahati mbaya, na yeye mwenyewe akaona amelala usingizi ambao alikuwa hajaulala kwa muda mrefu.

Mama mkwe aliporudi kwa ajili ya kliniki ya mwisho alimkuta mkwewe ana kucha. Walikuwa mezani. Binti yake alikuwa amekwisha mwambia kwamba siri imetoka, na mama mzima alikuwa ameinamia kikombe kwa aibu.

"Mama," alisema Fundi Chupa, "mimi sina kinyongo. Ila siku nyingine ukiona jambo, niambie tu. Mimi ni mwanao."

"Niseme?"

"Sema, mama. Usiogope."

Mama mkwe aliweka kikombe chini. Macho yake yalikuwa yamepona kabisa na alikuwa amekaa na watu hawa kwa muda wa kutosha.

"Unakoroma," alisema. "Nasikia mpaka uani. Halafu chai, baba, chai inanywewa, haivutwi. Na lile koti la nyumbani unalolipenda, mimi nilidhani ni la kupigia deki, nikalipigia. Hilo moja. Sasa kuhusu soksi…"

Mkewe alisimama akaenda kuongeza maji jikoni, maana aliona itachukua muda. Fundi Chupa aliegemea kiti, akaweka mikono yote miwili mezani, akasikiliza.